Matone Matatu Nyuma ya Sikio

Kwenye ngazi za Kadutu, pale tope halikauki
hata Julai mji mzima ukipiga chafya ya vumbi,
Murhula anauza vichupa vidogo kama kidole cha mtoto.
Jina kaliandika mwenyewe kwa kalamu: GEUKA.
"Matone matatu nyuma ya sikio, mama,
na yule aliyekupita jana
leo ataulizia nyumba yenu."
Franga elfu kumi. Ukibisha, elfu saba.
Ukicheka, anakutazama kama uliyemtukania mzazi.

Mdogo wangu Ashuza alinunua.
Ilikuwa pesa ya soli ya kiatu.
Akajipaka matone saba, maana haraka haina kipimo,
akashuka hadi Nguba, akasimama mlangoni
pa chumba cha cherehani cha Nsimire.
Nsimire aligeuka. Haki ya Mungu, aligeuka,
akapiga chafya mara tatu,
akafungua dirisha.

Ndipo akaja kwangu, mimi ninayefundisha biolojia
kwa chaki ninazojinunulia.
"Dada, sayansi inasemaje?"

Sogeza hayo madaftari, uketi.
Kuna nondo wa hariri: jike huachia chembe zake hewani
na dume hupanda upepo kuzifuata,
hachagui, haoni haya, hajiulizi atavaa nini.
Hilo limepimwa.
Kuna nguruwe dume: mate yake yana harufu
inayomfanya jike aliye tayari asimame tuli, asitikisike.
Hilo nalo limepimwa; wafugaji wanalo kwenye mkebe wa kupuliza.
Na karatasi ya chupa yako, kama haisemi uongo,
inasema kitu kilekile.
Kwa hiyo, mtoto wa mama, umeteremka Nguba yote
ukitongoza kwa lugha ya zizi.

Hakucheka.
"Na sisi je? Sisi watu?"

Sisi tuna kijishimo ndani ya pua,
wengine wanacho, wengine hawana,
kama soketi kwenye ukuta wa nyumba ya Panzi:
fundi aliiweka, waya haukufika.
Wamewanusisha watu fulana zilizolaliwa,
wamewanusisha jasho, hata machozi, wakahesabu.
Mmoja alipata ndiyo.
Wa pili akarudia, akapata labda.
Wa tatu akaita watu wengi zaidi, na ile ndiyo ikayeyuka.
Sisemi haipo.
Nasema hakuna aliyeikamata akaandika jina lake,
na ambacho hakijakamatwa
hakiwezi kuwa ndani ya chupa ya elfu saba.

Nilimuuliza Murhula kama yeye hujipaka.
"Mimi?" akasema. "Mimi niko na bibi tayari.
Nilimbebea maji miezi minane, kutoka kisimani mpaka kwao."
Akaendelea kupanga vichupa vyake.

Lakini usiku, umeme ukishakwenda,
huwa nafungua mfuko wa nailoni chini ya kitanda.
Humo mna koti la Byamungu,
aliyekwenda Kamituga kutafuta dhahabu
na ambaye simu yake inajibiwa na mwanamke wa mtandao
anayesema kila kitu kwa Kifaransa.
Sabuni ya kipande. Moshi wa makala.
Kitu cha shingoni ambacho sina neno lake,
mimi niliyemwagia Ashuza maneno yote.
Harufu ile hainiamrishi.
Inanikumbusha.
Ni mambo mawili tofauti; ningeyatunga kwenye mtihani,
alama kumi, toa mifano.

Nao wanafunzi wangejibu vizuri kuniliko:
harufu ni chembe zinazoondoka.
Kila nikifungua, nazipunguza.
Kwa hiyo nilijiwekea sheria, Jumapili tu, pumzi tatu,
kama yule na matone yake.

Jumapili iliyopita nilisinzia bila kufunga mfuko.
Asubuhi nilimtafuta kwenye kola,
kwapani, ndani ya mifuko.
Koti lilikuwa linanuka chumba changu.